Embark: Kitenzi Chenye Chombo Ndani Yake

Miaka ya nyuma nilipanda ndege ya kwenda Muscat, na pembeni yangu alikaa bibi mmoja kutoka Pemba aliyekuwa akienda kumwona mwanawe. Kabla hatujatua, wahudumu walipita wakigawa kadi za kujaza. Bibi akanikabidhi yake pamoja na pasi ya kusafiria, akasema, "Nijazie, mwanangu, maandishi haya madogo siyaoni." Nikajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi. Nikafika kwenye mstari ulioandikwa "Place of embarkation". Nikamwambia, "Bibi, hapa wanauliza ulipandia wapi." Hakusita. "Mkoani," akasema.

Mkoani ni bandari ya Pemba. Bibi alipanda boti pale siku moja kabla, akashukia Unguja, akavuka kwa boti nyingine hadi Dar es Salaam, na huko ndiko alikopanda ndege. Kadi ilikuwa ikitaka Dar es Salaam, nami ndivyo nilivyoandika. Lakini nilikaa kitambo na kalamu mkononi, kwa sababu ukilifuata neno lile hadi lilikozaliwa, bibi ndiye aliyejibu sawasawa. Ndege haimo ndani ya neno "embark". Kilichomo ni chombo cha baharini.

Kazi yangu ni tafsiri, na hiki ni kitenzi ninachokutana nacho karibu kila wiki. Kimo kwenye ripoti za miradi, kwenye hotuba, kwenye barua za kuomba kazi, kwenye vyeti vya kumpongeza mhitimu. Mara nyingi kimetumiwa vibaya, na mara nyingi zaidi kimetumiwa sawa kisarufi huku aliyekitumia hajui amebeba nini. Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili hukimaliza kwa maneno mawili: "panda chombo" na "anza". Hakuna uongo hapo. Ila "anza" ni neno pana mno, na mwanafunzi akiondoka nalo peke yake ataanguka.

Basi tuanze na asili. Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kifaransa, "embarquer", katika karne ya 16. Sehemu ya mbele ina maana ya "ndani", na iliyobaki, "barque", ni chombo cha baharini. Wahispania na Wareno wana "embarcar", Waitaliano wana "imbarcare". Wote wamerithi neno moja la Kilatini cha zama za baadaye, "barca", yaani mashua, na wanaisimu wengi hulifuata nyuma zaidi hadi kwenye neno ambalo Wagiriki walilitumia kwa mashua za Wamisri wa mto Nile. Kwa hiyo maana ya msingi ni "kutia chomboni". Angalia kwamba nimesema kutia, si kuingia. Hapo mwanzo mtu alikuwa "aki-embark" kitu kingine, kama vile askari, farasi au shehena. Maana ya mtu kujitia mwenyewe chomboni ilijengeka juu ya hiyo. Jambo hili dogo litatusaidia mbele kidogo tutakapofika kwenye sarufi.

Nitaondoa magugu mawili hapahapa. Neno "bark" la mbwa kubweka halina udugu na "embark", wala "bark" la gome la mti. Ni maneno yanayofanana sauti tu. Na "embargo", ambalo wengi hudhani ni mtoto wa nyumba hiyohiyo kwa kuwa nalo huhusu meli kuzuiwa bandarini, lilitoka kwenye neno la Kihispania lenye maana ya kuzuia, ambalo asili yake ni komeo au kizuizi. Ndugu wa kweli wa "embark" ni "barge", tishari, lile jahazi bapa la kubebea mizigo.

Katika karne ya 17 Waingereza walianza kulitumia neno hili kwa mambo yasiyohusu bahari. Mtu "ali-embark" kwenye biashara, kwenye vita, kwenye ndoa. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka kwamba hao ni watu wa kisiwa. Kwa karne nyingi, mtu wa London hakuweza kwenda nchi nyingine yoyote ya mbali ila kwa kupanda chombo. Safari kubwa na chombo vilikuwa kitu kimoja kichwani mwake. Na mtu wa pwani anajua jinsi kupanda chombo kunavyotofautiana na kutoka nyumbani kwa miguu. Ukitembea kwenda kijiji cha pili unaweza kubadili nia ukiwa nusu ya njia, ukageuka, ukarudi. Chombo kikishaacha pwani, nia yako haina nguvu tena. Umejikabidhi kwa nahodha na upepo, na chakula ulichobeba ndicho utakachokula. Hutashuka katikati ya bahari.

Hiyo ndiyo maana iliyobaki ndani ya "embark on" hadi leo. Mambo mengi huanza: mvua, njaa, mwezi wa Ramadhani, kelele za watoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza "ku-embark". Kitenzi hiki kinataka mtu mwenye nia, au taasisi inayosemwa kama mtu. Kinataka pia kwamba hicho anachokiingia kiwe kirefu, kiwe na uzito, na mwisho wake usiwe umekwisha kuonekana kutoka ufukweni. "She embarked on a medical degree" ni sentensi iliyokaa vizuri, maana masomo ya udaktari yanakula miaka. "He embarked on his lunch" inamchekesha Mwingereza, kwa sababu chakula cha mchana hakihitaji chombo.

Katika semi zetu, iliyo karibu zaidi na roho ya kitenzi hiki ni hii: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Ninapomfundisha mtu "embark on" huanza na usemi huu kabla sijaenda kwenye kamusi. Yule aliyesimama ukingoni akiwa ameshavua nguo ndiye aliye-embark. Hajaoga bado, lakini amefika mahali ambapo kurudi nyuma ni aibu au hasara.

Sasa tuje kwenye jambo linalowasumbua watu zaidi, vile vineno vidogo vinavyofuata kitenzi. Kiswahili hubeba uhusiano wa tendo na mahali ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema panda na pandia, shuka na shukia, toka na tokea. Nilipomuuliza bibi "ulipandia wapi", sikuhitaji neno jingine la kuniunganishia, kwa kuwa kauli ya kutendea ilikwisha kuifanya kazi ambayo Kiingereza huwapa "at" na "from". Mtu aliyelelewa na lugha ya namna hii akivuka kwenda Kiingereza, humuona "embark" kuwa ametosha peke yake. Ndipo unapokutana na "We embarked the ship in Mombasa" na "The village has embarked a water project". Ya kwanza imejengwa juu ya "tulipanda meli", ya pili juu ya "kijiji kimeanza mradi". Katika Kiswahili zote mbili ni safi, kwa maana panda na anza hupokea yambwa, yaani kile kinachotendwa, moja kwa moja.

"Embark" akipewa yambwa moja kwa moja hurudi kwenye maana yake ya kwanza, ile ya kutia. "The captain embarked three hundred passengers" maana yake nahodha alipakia abiria 300. Kwa hiyo anayesema "we embarked the ship", akisikilizwa kwa ukali, amesema kwamba waliipakia meli ndani ya kitu kingine. Hakuna atakayeshindwa kumwelewa, lakini msomaji makini atasita, na katika barua ya kuomba kazi kusita huko kunaweza kukugharimu.

Njia yenyewe si ngumu ukiwa na picha ya bandari mbele ya macho. Bandari unayopandia huitwa kwa "at" au "from". Kule unakoelekea huitwa kwa "for", si "to": "They embarked at Mombasa for Bombay." Na ukishaacha bahari ukaingia kwenye maana ya pili, ya jambo kubwa, hakuna njia ila "on", au "upon" ukitaka sauti ya kizamani zaidi. Kinachofuata hapo ni jina, kama "on a project", au kitenzi chenye "-ing", kama "on building a school". Wengi huandika "embarked to build a school" wakimaanisha walianza kujenga. Hiyo haipo. Mwingereza akiisoma ataelewa kwamba kuna watu walipanda meli ili wakajenge shule mahali.

Kuna jingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. "Embark" ni tendo la mara moja. Sisi tunaijua tofauti ya "anapanda" na "amepanda": wa kwanza mguu mmoja bado uko gatini, wa pili ameshaingia. Kitenzi hiki huishi katika "amepanda". Ndiyo maana hukikuta mara nyingi kama "has embarked" au "embarked", na ndiyo maana sentensi kama "she has been embarking on a career for ten years" inakwama kooni. Huwezi kupanda chombo kwa miaka kumi. Kinachorefuka ni safari, na safari ni lile jina linalofuata baada ya "on". Matamshi nayo yana mtego wake. Mkazo uko kwenye silabi ya pili, na "embarked" huishia na sauti ya "t" bila irabu baada ya "k". Ulimi wetu hupenda kuchomeka irabu pale katikati, tukatoa "embakedi".

Ili "embark" akae mahali pake, inafaa kuwajua majirani zake, maana Kiingereza kina vitenzi vingi vya kuondoka na kila kimoja kimetazama upande wake.

"Leave" kinatazama nyuma. Asili yake ni kuacha, kubakiza kitu. Ukisema "I am leaving Nairobi", Nairobi ndiyo inayoachwa. Ukitaka kusema Nairobi ndiko uendako, lazima uongeze "for": "I am leaving for Nairobi." Neno hilo la herufi tatu hubeba safari nzima. Rafiki yangu wa Moshi aliwahi kumwandikia mwenyeji wake "I am leaving Nairobi on Friday", akimaanisha Ijumaa anaondoka kwenda Nairobi. Mwenyeji akaelewa kwamba mgeni yuko Nairobi kwa shughuli nyingine na Ijumaa anaondoka zake. Ijumaa usiku rafiki yangu alishuka kwenye basi na begi lake, hakuna aliyekuja kumpokea. Alipompigia simu, mwenyeji alikuwa ameshalala.

"Depart" ni cha ratiba na vibao vya uwanja wa ndege, na katika mazungumzo ya nyumbani kinasikika kama mtu aliyevaa tai jikoni. Lakini asili yake inanigusa kila ninapoikumbuka. Kilitoka kwenye Kilatini, kwenye neno la kugawa na kutenganisha, likapita Kifaransa likawa kuachana, kisha kuondoka, na Waingereza wakafika hadi kumwita marehemu "the departed". Sasa litazame neno letu "fariki". Tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kutengana, uleule uliotupa "farakana". Kufariki dunia ni kutengana nayo. Lugha mbili zisizo na udugu zilianza na tendo la kugawanyika na zote mbili zikaishia kaburini. Nalitaja hili kwa sababu wanaojifunza huambiwa kwamba Kiingereza hakina mantiki, wakati mara nyingi mantiki yake ni ileile tunayoijua sisi.

"Set out" kinatazama mbele, kwenye nia. Mtu ana kusudi, amejiandaa, ameshika njia. Ndiyo maana "set out to" humaanisha kukusudia hata pasipo safari yoyote: "She set out to prove them wrong", alikusudia kuwaonyesha kwamba wamekosea. "Set off" ni ndugu yake wa mazungumzo, ambaye hujali ule muda wa kuanza mwendo na basi. Yeye ana kazi nyingine ya hatari, ya kulipua bomu au kuamsha king'ora, na hilo litazamwe kabla ya kuliandika.

Mfano mmoja wa kihistoria unavionyesha vitenzi "embark" na "set out" kwa uwazi. Mwanzoni mwa Februari 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyetumwa kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliondoka Unguja kwa majahazi kuvuka kwenda Bagamoyo. Hapo Kiingereza husema "embarked". Bagamoyo alikaa wiki kadhaa akitafuta wapagazi na kufunga mizigo ya nguo, shanga na nyaya, na msafara wake wa mwisho ukaondoka Machi 21 kwa miguu kuelekea bara. Hapo Kiingereza husema "set out". Ukisema "he embarked from Bagamoyo for Ujiji", umemuweka mtu chomboni mahali ambapo alikuwa akikanyaga matope. Ila unaweza kusema kwamba alipotoka Bagamoyo "he embarked on a search for Livingstone", kwa kuwa sasa kinachozungumzwa ni lile jambo kubwa alilojitia ndani yake.

Miezi zaidi ya saba baadaye alifika Ujiji, na hata neno la kufika lina maji ndani. "Arrive" lilitoka kwenye Kilatini cha "kwenye ukingo", yaani kugusa ufuko. Mwingereza anayefika nyumbani kwake kwa basi, kwa asili ya maneno, amegusa pwani.

Vipi upande wetu? Nimeona watafsiri wakiitafsiri "embark on" kwa "anza" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nami naona ni hasara, kwani Kiswahili ni lugha iliyokulia gatini. Tuna "abiri", kitenzi cha kuvuka maji kwa chombo, kutoka Kiarabu, na ndicho kilichotupa "abiria". Abiria alikuwa mtu wa kuvuka bahari. Leo anasimama kwenye daladala ameshika bomba la juu, na hakuna anayeona ajabu. Ni njia ileile aliyopita "embark": neno la chombo likapanda gari, likapanda ndege.

Tuna pia "kung'oa nanga", ambalo waandishi wa habari wa Kenya wanalipenda sana. Mtihani wa taifa unang'oa nanga, ligi inang'oa nanga, kongamano linang'oa nanga. Hapa nimewahi kuteleza mwenyewe. Nilidhani nimepata pacha wa "embark", nikaandika "the league has embarked". Mhariri alinirudishia na alama nyekundu, akiwa na haki. Ligi haiwezi "ku-embark", kwa kuwa haina nia, na kitenzi hiki kinamtaka mpanda chombo. Katika usemi wetu chombo chenyewe ndicho kinachoondoka, kwa hiyo mtihani unaweza kung'oa nanga bila shida. Pacha wa kweli wa "kung'oa nanga" ni "get under way", ambao nao ni usemi wa mabaharia. "The league got under way on Saturday." Hapo bahari imekutana na bahari.

Kwa mtu anayejitia kwenye jambo kubwa, neno ninalolipenda ni "jitosa". Kutosa ni kuzamisha, kutupa majini. Anayejitosa kwenye siasa amejirusha mwenyewe kwenye maji yenye kina, na hajui atatokea wapi. Uzito wake unakaribia sana "embark on", ila "jitosa" lina pupa kidogo, kama mtu aliyeruka bila kupima, ilhali "embark" linaruhusu utulivu wa mtu aliyekata tiketi na kufunga mizigo. Pale panapotakiwa utulivu huo, "funga safari" linafaa zaidi: picha iliyomo ni ya mizigo inayokazwa kamba kabla ya mwendo. Na pale ambapo mtu ameshikilia jambo kwa bidii na hataki kuambiwa, "valia njuga" haina mpinzani. Mtafsiri mzuri huuliza kwanza mtu huyo ameingiaje, kwa pupa, kwa maandalizi au kwa ubishi, ndipo achague. Neno "safari" lenyewe Waingereza walilichukua kwetu katikati ya karne ya 19, wakalifinyanga hadi likabaki kuwa la kutazama wanyama. Wakiandika "embark on a safari" wamemkutanisha Mfaransa na Mswahili katika maneno manne.

Kuna matumizi mamoja yanayonikera, na nitayasema wazi. Katika Kiingereza cha maofisini mwetu, "has embarked on" limekuwa la kufunika. "The council has embarked on the rehabilitation of the road." Halmashauri imefanya nini hasa? Imenunua kokoto? Imesaini mkataba? Imeita kikao? Sentensi haisemi, na mara nyingi aliyeiandika hakutaka iseme. Kiswahili cha ofisini kina mwenzake, "imeanza mchakato wa", ambao nao unaweza kudumu muongo mzima bila tingatinga kuonekana. Ninapotafsiri ripoti za aina hiyo huandika pembeni swali kwa mwenye kazi: wamefika wapi? Baadhi hunijibu kwa tarehe na kiasi, na hapo ninaitupa "embark" na kuandika kilichotendeka. Wengine hunijibu, "Wewe tafsiri tu." Ni kitenzi kilichozaliwa kueleza wakati ambao mtu hawezi tena kurudi nyuma. Kukigeuza kuwa cha mtu ambaye hajatoka nyumbani ni kukidhulumu, na ni kumdhulumu anayesubiri barabara.

Mwenzake wa mwisho ni "disembark", kushuka chomboni. Huyu hakupata maana ya pili. Unaweza "ku-embark" kwenye biashara, lakini huwezi "ku-disembark" kutoka kwenye biashara. Utaiacha, utaifunga, utafilisika. Neno la kupanda lilikwenda nchi kavu likawa la kila jambo, la kushuka likabaki gatini. Kwa nini ilikuwa hivyo? Nadhani ni kwa sababu kuanza ndiko kunakofanana baina ya watu, na kila jambo lina namna yake ya kuisha. Lakini kwenye maana ya kwanza, ya bahari, maneno haya mawili hutembea pamoja, na anayesoma moja humngojea mwenzake.

Mapema Februari 1944, askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki walipanda meli Mombasa, meli iliyoitwa Khedive Ismail, kwenda Colombo. Walikuwemo vijana kutoka nchi zetu, askari wa mataifa mengine, na wauguzi wanawake. Kwa jumla walikuwa zaidi ya watu 1,500. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli hiyo, ikazama katika dakika chache mno. Karibu watu 1,300 walikufa.

Mwandishi wa Kiingereza akiieleza safari ile ataandika "They embarked at Mombasa for Colombo". Sarufi yake imekamilika: "at" kwa bandari ya kupandia, "for" kwa waendako. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Lamu, aliinakili sentensi hiyo kwenye daftari lake, kisha chini yake akaandika "disembarked". Aliitazama kidogo, akalifuta neno hilo la pili, akaacha mstari wazi.